Kabla Hujauza Nyumba ya Mji wa Kale Ununue Fleti Penang

Wiki hii naziacha siasa za kaunti nizungumzie jambo lililoingia nyumbani kwetu, maana najua si kwetu peke yetu.

Kakangu anafanya kazi Dubai na mwanawe anasoma Penang, Malaysia. Alipokwenda kumtembelea alirudi na wazo: tuiuze nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Mji wa Kale, Mombasa, tununue fleti George Town, mji mkuu wa jimbo la Penang. Kijana akae humo miaka minne ya masomo, kisha tuikodishe au tuiuze kwa faida. Mimi nilipewa kazi ya kuchunguza, kwa kuwa nina diploma ya uhasibu na makaratasi hayanitishi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, simlaumu kwa kuupenda mji ule. UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na Melaka, miaka saba baada ya Lamu yetu. Kwenye barabara moja utaukuta msikiti wa Kapitan Keling, ulioasisiwa na Waislamu wa Kihindi mwaka 1801, na hatua chache kutoka hapo kanisa la mwaka 1818, hekalu la Wachina na hekalu la Wahindu. Mtaa wa Lebuh Acheh una msikiti wa mwaka 1808, ulioasisiwa na tajiri wa asili ya Kiarabu aliyetoka Acheh. Kwa miaka mingi mahujaji walikusanyika hapo wakingoja meli za Jeddah. Mtu wa Mombasa akipita vichochoro vile hajioni mgeni.

Lakini sheria inamwona mgeni. Na hapa wengi hujidanganya kwamba nchi ya Waislamu itatupokea kama wenyewe. Uislamu wetu haubadilishi kitu mbele ya ofisi ya ardhi. Mgeni hanunui ardhi iliyotengewa Wamalei, wala nyumba za bei nafuu, wala zile zilizowekewa wazawa. Kila jimbo limeweka bei ya chini ambayo mgeni hawezi kununua chini yake. Kisiwani Penang, kwa miaka mingi kiwango cha fleti kimekuwa ringgit milioni 1, na nyumba yenye ardhi yake ringgit milioni 3. Ringgit moja ni kama shilingi 30 zetu, kwa hiyo fleti inaanzia karibu shilingi milioni 30. Viwango hivi hubadilishwa, basi muulize wakili wa huko kabla ya kumsikiliza dalali.

Juu ya bei kuna mengine. Jimbo hutoza mgeni asilimia 3, yaani shilingi laki tisa kwenye fleti hiyo. Ushuru wa stempu kwa mgeni ulikuwa asilimia 4 tangu 2024, na bajeti ya 2026 ikaupandisha hadi asilimia 8 kwa nyumba za kuishi. Hiyo ni shilingi milioni 2.4. Hapo wakili hujamlipa.

Kisha kuna idhini. Kifungu cha 433B cha sheria yao ya ardhi kinamtaka mgeni apate ruhusa ya serikali ya jimbo. Kwa kawaida ukitia saini mkataba unakuwa umetoa asilimia 10 ya bei, kwa hesabu yetu shilingi milioni 3. Hakikisha mkataba unasema wazi kwamba ruhusa ikikataliwa pesa zako zinarudi. Dalali mmoja alimtaka kakangu atume arubuni siku hiyo hiyo, ati kuna mnunuzi mwingine mlangoni. Mkataba hatukuwa tumeuona.

Kununua fleti pia hakukupi kibali cha kuishi. Kuna mpango wao wa wageni kukaa muda mrefu, nao una masharti yake, ikiwemo amana ya dola benki.

Kuhusu riba, hapo Malaysia imetutangulia. Bank Islam ilianzishwa 1983. Benki nyingi huko zina musharaka inayopungua: wewe na benki mnanunua pamoja, unailipa kodi kwa fungu lake huku ukilinunua kidogo kidogo hadi nyumba iwe yako. Ni njia ya halali, ila mgeni hutakiwa kutoa kianzio kikubwa kuliko mwenyeji.

Lililonishtua zaidi ni la kuuza. Mgeni akiuza ndani ya miaka mitano, serikali huchukua asilimia 30 ya faida. Kuanzia mwaka wa sita ni asilimia 10. Kijana wetu anamaliza kwa miaka minne. Na katika miaka yote hiyo, watu wakae wasikae, kila mwezi kuna ada ya matunzo ya jengo na mfuko wa akiba, ambazo kisheria hukwepi.

Na je, utamaduni wenyewe? Katika mji wa kale wa George Town majengo marefu hayaruhusiwi, na nyumba za zamani zina ardhi yake, kwa hiyo mgeni anaangukia kwenye kiwango cha milioni 3. Maghorofa wanayouziwa wageni mengi yako nje, kandokando ya bahari. Unautazama mji dirishani.

Tena mji huo una kidonda chake. Sheria iliyozuia kodi za nyumba kongwe kupanda ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2000. Wapangaji wa miaka mingi, mafundi na wachuuzi wadogo, walihama kwa kushindwa kodi, na baadhi ya nyumba zikawa hoteli na mikahawa ya watalii. Ardhi ya wakfu iliyozunguka misikiti ile haikuweza kuuzwa. Niliposoma hayo niliwaza Mji wa Kale wetu, na nani angeinunua nyumba ya baba.

Tulikaa kikao. Niliwakumbusha kwamba nyumba ni mirathi: mama ana fungu lake, dada zetu wana mafungu yao, na hakuna auzaye fungu la mwenzake bila ridhaa. Mama hakuuliza bei ya Penang. Aliuliza yeye atahamia wapi.

Nyumba haikuuzwa. Kijana amepanga chumba na wenzake, nasi ndugu tunachangia kodi. Kakangu bado anaona tumeipoteza bahati, na huenda miaka kumi ijayo akanionyesha bei na kunicheka. Namkubalia. Lakini mwenye pesa zake mwenyewe, asiyeuza paa la mamake, na apange nyumba kule mwaka mmoja kwanza, aajiri wakili wake asiyeletwa na dalali, ndipo anunue.

Wallahu aalam.