Chakula na Mwendo wa Mbwa: Jifunze Kumpima kwa Mkono

  Wewe ambaye hukuweza kusikiliza redio, karatasi hii ina maneno yale yale. Soma polepole. Ukifika mahali palipoandikwa "Fanya", weka karatasi chini, ufanye.

Somo la leo ni juu ya mbwa. Najua wako watakaocheka. Watu wazima wamekuja kujifunza kusoma na kuhesabu, nasi tunawaletea habari za mbwa! Lakini fikiri nyumbani kwako. Usiku ng'ombe wamelala zizini, na mbuzi vile vile. Pengine ndani ya nyumba mna pamba ambayo bado haijauzwa. Je, ni nani aliye macho? Basi leo tutajifunza mlinzi huyo ale kiasi gani na atembee kiasi gani, ili asikonde wala asinenepe kupita kiasi.

Hapa kwetu mbwa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mbwa wa kijijini. Asubuhi hufuata ng'ombe malishoni, jioni hurudi nao, na chakula chake ni ukoko wa ugali pamoja na kile alichookota mwenyewe. Taabu ya huyu ni kukonda. Wa pili ni mbwa wa mjini. Mchana kutwa amefungwa mnyororo uani, huletewa makombo ya wali na mafuta kutoka mgahawani, na afunguliwapo usiku hutembea hatua kumi, kisha hulala. Mwenye mbwa wa kwanza husema, "Mbwa wangu ni mwepesi." Mwenye mbwa wa pili husema, "Mbwa wangu ana afya." Wote wawili wamepima kwa macho tu. Sisi tutapima kwa mkono.

Fanya. Kunja ngumi ya mkono wa kushoto. Pitisha vidole vya mkono wa kulia juu ya vifundo vya ngumi hiyo. Unagusa mifupa mitupu. Sasa kunjua ngumi, nyosha mkono, kiganja kitazame chini. Pitisha vidole juu ya mgongo wa mkono. Mifupa iko, waigusa bila kubonyeza sana, lakini imefunikwa kidogo. Mwisho, geuza mkono, kiganja kitazame juu, ubonyeze ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba. Hapo mfupa huupati ila kwa kuutafuta.

(Kimya kidogo, ili kila mwanafunzi afanye.)

Sasa utakapofika nyumbani, mwite mbwa wako, umshike mbavuni kwa vidole, pande zote mbili. Mbavu zikiwa kama vifundo vya ngumi, mbwa amekonda. Zikiwa kama mgongo wa mkono, mbwa yu sawa. Zikiwa kama nyama ya kiganja, mbwa amenenepa mno. Kisha simama juu yake umtazame mgongoni. Mbwa aliye sawa ana kiuno, yaani nyuma ya mbavu mwili umeingia ndani kidogo. Mtazame na ubavuni: tumbo lake limepanda kuelekea miguu ya nyuma, halikuning'inia. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na mbavu zilizotokeza hakushiba. Huyo ana minyoo, nawe yakupasa kumpeleka kwa Bwana au Bibi Mifugo wa kata yako apewe dawa. Mbwa mkubwa naye apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Ukimlisha mbwa mwenye minyoo, wanaoshiba ni minyoo.

Ukitaka kujua uzito wake kwa kilo, tafuta mizani ya kusimamia. Panda peke yako, uandike namba. Kisha mpakate mbwa, upande tena. Mfano: peke yako kilo 62, pamoja na mbwa kilo 79. Toa 62 katika 79. Mbwa ana kilo 17. (Usiende kufanya jambo hili katika mizani ya zahanati, maana pale hupimwa watoto wa watu.)

Sasa tuje katika chakula chenyewe. Ugali mtupu hautoshi. Mahindi humpa mbwa nguvu ya kukimbia, lakini yana kidogo sana ya kile kijengacho nyama ya mwili. Kwa hiyo changanya na dagaa wa Ziwa Victoria, ambao sisi hatuendi mbali kuwapata. Waoshe vizuri, mchanga utoke, uwapike pamoja na unga bila chumvi. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kilo moja ya unga na robo kilo ya dagaa wakavu. Kwa mbwa wa kilo 15 alindaye nyumba na kutembea kiasi, gawa vyote viwili mafungu matano. Kila fungu ni chakula cha siku moja: unga gramu 200 na dagaa gramu 50. Mbwa wa kilo 15 hiyo hiyo ambaye hushinda malishoni na ng'ombe, gawa mafungu manne tu, ili kila fungu liwe kubwa zaidi. Naye ashindaye amefungwa, gawa mafungu sita. Fungu la siku umpe mara mbili, nusu asubuhi na nusu jioni, na maji safi yawepo siku zote. Mbwa jike anyonyeshaye anaweza kuhitaji mara mbili au hata mara tatu ya chakula chake cha kawaida.

Baada ya majuma mawili mshike tena mbavu. Mkono wako ndio utakaokuambia kama fungu liongezwe au lipunguzwe, kwa sababu mbwa hawafanani.

Hapa mzee mmoja ataniuliza: "Bwana, unga huo wautoa wapi, na watoto hawajala?" Swali hilo ni la haki. Katika miezi ya kungojea mavuno, chakula ni cha watoto kwanza. Lakini kama una mbwa wanne wenye mbavu kama vifundo vya ngumi, nakushauri ufuge mmoja aliyeshiba. Mmoja huyo atalinda kuliko wale wanne.

Najua pia ya kuwa wengi husema, "Mbwa akishiba halindi. Mwache na njaa, atakuwa mkali." Mimi sikubali hata kidogo. Mbwa hubweka kwa sababu amesikia au amenusa mgeni, wala njaa haimwongezei masikio. Mbwa mwenye njaa, mwizi humtupia kipande cha nyama na kazi imekwisha. Tena mbwa huyo hakai nyumbani. Usiku huenda kutafuta mizoga, hula mayai ya jirani, na fisi ajapo zizini mlinzi hayuko, au yuko lakini hana nguvu ya kukimbia.

Kuzurura huko kuna hatari nyingine. Katika mkoa wetu limo Pori la Akiba la Maswa, na ng'ambo yake ni Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi vya mbwa uliingia katika simba wa Serengeti, na karibu simba mmoja katika kila watatu alikufa. Virusi hivyo vilikuwako pia katika mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Mbwa azururaye hukutana na wanyama wa porini na mbwa wa mbali, akapata ugonjwa au akaupeleka, na kichaa cha mbwa ni kimojawapo. Mbwa ajuaye ya kuwa jioni chakula kipo, hurudi nyumbani, na siku ya chanjo unampata.

Yako mambo matatu ambayo watu humlisha mbwa kwa nia njema, nayo humdhuru. Kwanza ni mapafu na maini mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe, hasa yenye vifuko vya maji. Ndani ya vifuko hivyo mna mbegu za tegu. Mbwa akivila, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi, nao watoto wachezao uani huweza kuyameza. Chemsha nyama hiyo nusu saa nzima, au uifukie chini sana. Pili ni mahindi yenye ukungu. Sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa hudhurika kwa sumu hiyo upesi sana. Usiseme, "Haya hayatufai sisi, tumpe mbwa." Tatu ni mashudu ya pamba. Hapa Simiyu mashudu hayakosekani, na kila mtu ameona jinsi yanavyonenepesha ng'ombe. Lakini ng'ombe ana tumbo kubwa la kucheulia, ambalo hupunguza nguvu ya sumu iliyomo katika mbegu ya pamba. Mbwa hana tumbo hilo, na sumu hiyo huharibu moyo wake. Atanenepa siku chache, kisha atahema, atachoka, na huenda akafa.

Tumalizie kwa mbwa mnene. Unene humchosha moyo, humwumiza viungo vya miguu, na wakati wa joto ni hatari zaidi, maana mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema. Usimfukuze mbio siku ya kwanza. Ondoa makombo yenye mafuta. Mpe lile fungu la sita, na watoto waambiwe wasimtupie vipande wakati wa kula, kwa sababu vipande hivyo havihesabiwi na mtu. Mtembeze dakika 15 alfajiri na dakika 15 jua likielekea kuzama. Kila juma ongeza dakika tano, hata ifike nusu saa kila safari. Mbwa wa kilo 25 aliyenenepa apungue gramu 250 mpaka 500 kwa juma, asipungue zaidi ya hapo. Na mnyororo huo, mfungue kila usiku bila kukosa, na mchana umpe nafasi ya kuzunguka ndani ya ua uliofungwa. Mbwa anayeshinda mahali pamoja hata chakula kizuri humgeukia mafuta.

Sasa kazi ya nyumbani. Chora jedwali lenye safu nne katika daftari lako. Juu yake andika: Tarehe, Mbavu, Chakula, Dakika za kutembea. Katika safu ya Mbavu andika neno moja tu kati ya haya matatu: ngumi, mgongo, kiganja. Jaza mstari mmoja leo jioni, na mwingine juma lijalo siku kama hii. Asiye na mbwa aombe ruhusa kwa jirani, na mbwa ashikwe na mwenyewe. Mje na madaftari hayo darasani, nasi tutayatumia katika somo letu la kujumlisha na kutoa.