Viota Vilivyoanguka Si Alama ya Mauti



Wengi wenu mmetuuliza ni kelele gani inayosikika nyuma ya sauti ya mhubiri katika kipindi cha asubuhi. Si mashine iliyoharibika. Ni ndege. Katika mti ulio nyuma ya studio kuna kundi la ndege wa manjano wenye kichwa cheusi, wale wanaosuka viota vya mviringo na kuvining'iniza kwenye matawi. Vitabu vinawaita kwera. Hapa kwetu katika bonde la Ruzizi kila kabila lina jina lake kwao, kwa hiyo sisi tutasema kwera tu, asikasirike mtu.

Lakini leo hatuandiki kwa sababu ya kelele. Baada ya dhoruba ya juzi, viota vingi vilianguka chini, vingine makinda wakiwa ndani. Kabla jua halijazama maneno yalikuwa yamezunguka mtaa mzima: ni alama, mtu wa nyumba ya karibu atakufa, au kuna mtu aliyewatuma ndege hao. Tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Yanaishia mlangoni kwa mama mzee anayekaa peke yake. Ndiyo maana tunaomba mtusikilize kwa utulivu, tueleze viota hivi vinajengwa namna gani na kwa nini vinaanguka.

Kwanza, fundi ni dume. Anakata ukingo wa jani la mngazi au la tete kwa mdomo wake, halafu anaruka huku ameshika, na kipande kinachanika kirefu kama uzi. Kwa nyuzi hizo anasuka kwanza pete moja iliyosimama, na yeye anasimama ndani ya pete hiyo. Akiwa hapo hapo anasuka upande mmoja chumba cha mayai, na upande mwingine mlango unaotazama chini. Akimaliza, ananing'inia chini ya kiota kichwa chini, anapigapiga mabawa ili manjano yake yaonekane, na anaimba kwa nguvu. Hiyo ndiyo kelele mnayoisikia redioni: ni madume wanaita majike waje kutazama nyumba.

Jike anaingia, anavuta nyuzi kwa mdomo, anapima. Akikubali, yeye ndiye analeta majani laini na manyoya ya kutandika ndani. Asipokubali, kiota kinabaki kitupu, kijani kinageuka kahawia, na majike hawapendi kiota kilichokauka. Basi dume mwenyewe anakibomoa na kuanza kingine mahali pale pale. Mtafiti mmoja Mmarekani, Nicholas Collias, pamoja na mke wake Elsie, walikuja Kongo katika miaka ya 1950 kuwachunguza kwera hawa hawa wa kwetu, na baadaye wakaendelea na kazi hiyo kwao Marekani. Waliona kwamba hata kusuka kunahitaji mazoezi: dume kijana aliyelelewa bila majani ya kuchezea alishindwa kusuka vizuri mwanzoni, kama mtoto anayejifunza kusuka mkeka.

Sasa mtaelewa jambo la kwanza. Viota vingi mlivyoviona chini havikuwa nyumba za mtu. Ukiokota kimoja, tazama ndani. Kama hakuna majani laini wala manyoya, hakuna jike aliyekikubali. Kilikuwa kazi ya kijana anayejifunza, au nyumba iliyokataliwa, na upepo umeangusha kile ambacho mwenyewe angekibomoa kesho yake.

Jambo la pili ni matawi. Kwera wanachana majani ya miti ile ile wanayokaa. Mwenye mingazi anaijua hasara hii: makuti yanabaki mifupa mitupu. Tawi lililovuliwa majani namna hiyo linadhoofika, na linabeba viota vingi vilivyolowa maji. Ikija mvua ya upepo kutoka ziwani, linavunjika na mzigo wake wote. Hakuna anayehitaji kulituma.

Lakini tusidanganyane kwamba dhoruba peke yake ndiyo shida yao. Sisi tunaokaa chini ya mti huu tumeona mengine. Nyoka wa miti anapanda na kuingiza kichwa kiota kwa kiota. Kunguru mwenye kifua cheupe anaiba mayai. Kuna mwewe mkubwa wa kijivu, mwenye uso wa manjano, ambaye miguu yake inapinda mbele na nyuma. Anajishikiza kwenye kiota huku anapigapiga mabawa, anaingiza mguu mlangoni na kutoa makinda. Siku hiyo kelele ya ndege inazidi ya mhubiri kabisa.

Anayetushangaza zaidi ni kekeo, ndege mdogo wa kijani kinachong'aa kama chuma. Yeye hajengi. Anavizia kiota cha kwera, anataga yai moja ndani, na mara nyingi anaondoa yai moja la mwenye nyumba. Kinda wa kekeo huanguliwa mapema, angali kipofu, hana hata unyoya. Na bado, katika siku zake za kwanza, anawasukuma wenzake kwa mgongo mpaka watoke nje ya kiota. Halafu mama kwera anamlisha yeye kama mtoto wake.

Kwera naye amepewa njia ya kujikinga. Mayai ya jike mmoja hufanana yote: kama ni ya buluu, yote ni ya buluu, kama yana madoa, yote yana madoa ya namna moja. Lakini mayai ya jirani yake ni ya rangi nyingine. Ni kama kila mama ana saini yake. Akiona yai lisilo na saini yake, analitupa nje. Kwera wa namna hii walipelekwa zamani katika kisiwa cha Hispaniola, kule Haiti, na huko hakuna kekeo huyu. Baada ya vizazi vingi bila adui, mayai ya huko yamepoteza sehemu ya alama zake: ya mama mmoja hayafanani tena sawasawa, na ya majirani hayatofautiani kama ya kwetu.

Hesabu nayo inasaidia. Tuchukue mfano: jike ataga mayai matatu, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka minne. Ni mayai 24. Kama wote 24 wangekua na kuzaa, baada ya miaka michache bonde lote lisingebaki na punje ya mpunga, na wakulima wa Sange na Luberizi wanasema tayari wamechoka. Ili kundi libaki lilivyo, wanahitajika wawili tu wakue, wa kuchukua nafasi ya baba na mama. Wale 22 wengine wanakuwa chakula cha nyoka, cha mwewe, cha sisimizi, au wanakufa kwa baridi ya mvua. Ni neno gumu. Watoto wetu wa shule ya Jumapili walilia walipoona makinda chini, na hatukuwakataza kulia.

Wapo wahubiri wanaosimulia uumbaji kama bustani ya maua tu. Tunawaomba wasome tena mwisho wa kitabu cha Ayubu. Huko Mungu mwenyewe anamtaja tai juu ya mwamba, na makinda yake yanayokunywa damu, hakuficha kitu. Na katika Mathayo 10, Yesu anaposema juu ya shomoro wanaouzwa kwa bei ndogo, hasemi kwamba hawaanguki. Wanaanguka, na Baba yuko. Wala hakusema kwamba shomoro akianguka katika uwanja wa mtu, mtu huyo ana dhambi au jirani yake ni mchawi. Hilo tumeliongeza sisi.

Wako kati yetu mama na baba waliozika watoto. Wengine waliwapoteza usiku ule wa mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira. Waliambiwa mengi msibani: imani yao ilikuwa ndogo, kulikuwa na laana katika ukoo, walikuwa wameota ndoto na hawakuomba. Maji yalitoka milimani na kupita penye nyumba. Ukienda kuwaona, keti nao, peleka chakula, na kama huna la kusema, nyamaza.

Turudi kwenye makinda, kwa maana maswali yamekuwa mengi. Kinda asiye na manyoya, kama kiota chake ni kizima, funga kiota kwa kamba kwenye tawi la karibu, mlango ukitazama chini kama ulivyokuwa, umrudishe ndani, uondoke. Si kweli kwamba mama atamkataa kwa sababu mkono wa mtu umemgusa. Ndege wengi hawafanyi hivyo. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka hahitaji kuokolewa. Mweke juu ya tawi, fukuza paka, basi. Usimpe ugali. Kwera wakubwa wanakula nafaka, lakini makinda wanalishwa zaidi wadudu: panzi, viwavi na wengine wanaoharibu shamba lako.

Wazazi, chukueni manati mikononi mwa watoto wakati huu ndege wanalea. Hata katika Kumbukumbu la Torati 22 mtu aliyekuta kiota njiani alikatazwa kumchukua mama pamoja na makinda. Na baada ya kushika kiota chochote, mtoto anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu viota vina chawa.

Vile vikavu vya kahawia vinawaka haraka, na akina mama wengi wamekwisha kuviokota kwa ajili ya kuwasha makaa. Hakuna ubaya. Lakini kipasueni kwanza mtazame ndani, maana ndege wengine wadogo hupenda kulala katika kiota kilichoachwa, na nyoka naye huingia kuwatafuta.