Kimezimwa, Kimejizima, au Kimezimika? Namna ya Kuchunguza Kipakatalishi Kinachozima Ghafla

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu moja inayowasumbua watu wengi wa taaluma yetu, nayo ni ya kipakatalishi kuzima ghafla kazi ikiwa inaendelea. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina mahali gani katika jarida la lugha. Jibu ni kwamba zana zetu zimebadilika. Kadi za maneno zilizokuwa zikipangwa katika visanduku, na kanda zilizokuwa zikifungiwa kabatini, leo zimo ndani ya chombo kimoja kinachobebwa mkobani. Mtafiti anayerekodi Kiyaaku huko Mukogodo, lugha iliyobakiwa na wazee wachache mno wanaoikumbuka, hana hakika ya kupata kikao cha pili na mzee yule yule. Chombo chake kikizima katikati ya masimulizi, huenda kikatoweka na ushahidi ambao hautapatikana tena.

Sababu ya pili ni ya kilugha. Mtu apelekaye chombo kwa fundi husema tu kwamba "kimezima". Neno hilo moja huficha habari zote ambazo fundi angezihitaji, na fundi asiyepewa habari hana budi kubahatisha: leo atabadilisha betri, kesho feni, keshokutwa bodi kuu, na kila hatua ina gharama yake. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kwanza ya uchunguzi ni kueleza hitilafu kwa usahihi, na kwamba kauli za kitenzi cha Kiswahili zatupa mahali pazuri pa kuanzia.

Kauli Tatu, Maswali Matatu

Wanafunzi wetu hufundishwa mapema tofauti iliyopo kati ya "mlango umefunguliwa" na "mlango umefunguka". Kauli ya kutendwa humdai mtenda hata asipotajwa, na ndiyo maana twaweza kuongeza "na Juma". Kauli ya kutendeka hueleza hali tu, na haimkubali mtenda huyo. Tukiongeza kiambishi -ji-, kinachorejesha kitendo kwa mtenda mwenyewe, twapata namna tatu za kusema juu ya kitenzi zima: kimezimwa, kimejizima, kimezimika.

Kila mojawapo huelekeza kwenye chanzo tofauti. Kipakatalishi kilichozimwa kimepokea amri, aidha ya mtu, ya programu, au ya mfumo endeshi. Kilichojizima kimechukua hatua ya kujilinda, hasa dhidi ya joto. Kilichozimika kimekosa umeme tu, kama taa iliyoishiwa mafuta.

Hata hivyo, kabla ya kuuliza ni kauli ipi inayofaa, yapasa kuhakikisha kwamba chombo kimezima kweli. Pengine kimelala: skrini ni nyeusi, lakini taa ndogo ingali inawaka au kumetameta, na kikiguswa kitufe kazi hurudi kama ilivyoachwa. Pengine ni skrini peke yake iliyokufa huku feni ikisikika. Pengine tena chombo kilionyesha ukurasa wa buluu wenye maandishi, kikajiwasha upya. Dalili hii ya mwisho aghalabu hutokana na hitilafu ya programu, ya kiendeshi cha kifaa fulani, au ya kumbukumbu, na uchunguzi wake hufuata njia nyingine.

Kimezimwa: Kutafuta Aliyetoa Amri

Tuanze na kauli ya kutendwa, kwa kuwa ndiyo rahisi kuthibitisha. Mfumo wa Windows huweka daftari la matukio yake, nalo hufunguliwa kwa kuandika eventvwr katika kisanduku cha kutafutia. Ndani ya sehemu ya matukio ya mfumo, tukio nambari 1074 huonyesha kwamba amri ya kuzima ilitolewa, na hutaja programu au mtumiaji aliyeitoa. Hapo mtenda amepatikana. Mara nyingi ni masasisho ya mfumo yaliyosubiri usiku, au mpangilio unaoagiza chombo kizime betri ikifikia kiwango fulani. Dawa yake ni kubadilisha mpangilio, na hapana haja ya kumwita fundi.

Ikiwa badala yake twakuta tukio nambari 41 au nambari 6008, maana yake ni kwamba safari iliyotangulia haikuishia kwa utaratibu. Hapa yafaa tahadhari. Wengi huliona tukio nambari 41 wakadhani wamepata ugonjwa wenyewe, na neno "Power" liliomo katika jina la tukio hilo huwafanya waamini kwamba kosa ni la chaja. Kumbe tukio hilo huandikwa baada ya chombo kuwashwa tena, na husema tu kwamba mfumo haukuagwa. Lililoukatiza laweza kuwa joto, betri, waya, au kidole kilichoshikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa. Daftari limekanusha kauli ya kutendwa, lakini halijatuchagulia kati ya mbili zilizobaki.

Kimejizima: Ushahidi wa Joto

Kichakataji kinapofanya kazi hutoa joto, na joto hilo huondolewa na bamba la chuma, mirija ya shaba, na feni inayosukuma hewa nje. Vichakataji vingi vya vipakatalishi vimewekewa kikomo kilicho karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Joto likikaribia kikomo hicho, kichakataji kwanza hupunguza mwendo wake. Mtumiaji huona chombo kimekuwa kizito na husikia feni ikivuma kwa nguvu. Joto likizidi kupanda, umeme hukatwa papo hapo, pasipo onyo wala nafasi ya kuhifadhi kazi. Kukatwa huko ndiko kunakookoa kichakataji kisiungue.

Dalili ya joto hujitokeza katika wakati. Tuseme chombo huzima baada ya nusu saa ya kuchakata video. Kikiwashwa papo hapo, huzima tena baada ya dakika tano. Kikiachwa kipoe kwa saa nzima, hurejea kustahimili nusu saa. Mpangilio huu waelekeza kwenye joto, kwa sababu betri mbovu au waya uliolegea haungoji chombo kipoe. Jaribio la kuthibitisha ni kuinua chombo juu ya meza ili hewa ipite chini yake, na kukipulizia feni ya kawaida ya chumbani. Kikidumu zaidi kuliko awali, chanzo kimejulikana.

Hapa jina lenyewe la chombo latupotosha. Ni wazi kwamba neno kipakatalishi limejengwa juu ya kitenzi pakata, nasi twaitikia mwaliko huo kwa kukiweka mapajani, juu ya mto, au kitandani. Vipakatalishi vingi hata hivyo huvuta hewa kupitia matundu yaliyo upande wa chini, na nguo au godoro huyaziba. Chombo hiki hufaa kuwekwa juu ya kitu kigumu na bapa.

Sababu nyingine ni vumbi linalojikusanya kati ya feni na mapezi ya kupozea hadi likawa kama kitambaa, pamoja na kukauka kwa ule uji unaopakwa kati ya kichakataji na bamba lake. Vumbi laweza kupulizwa kwa hewa ya kopo, chombo kikiwa kimezimwa na chaja imechomolewa, huku feni ikizuiliwa isizunguke ovyo. Kubadilisha uji huo ni kazi ya fundi.

Kimezimika: Ushahidi wa Umeme

Hitilafu ya umeme haifuati saa. Chombo huzima kikiwa baridi au moto, kazi ikiwa nzito au nyepesi. Maswali ya kujiuliza ni mawili: je, huzima kikiwa kwenye chaja, au kikiwa kwenye betri peke yake?

Kikizima kwenye betri tu, hasa wakati kipimo chadai kwamba imebaki asilimia 30, betri ndiyo ya kushukiwa. Betri za lithiamu huchakaa kwa kutumika. Nyingi hupoteza takriban humusi moja ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchajiwa. Zikichakaa, ukinzani wa ndani huongezeka, hivi kwamba kazi nzito inapodai umeme mwingi kwa ghafla, volteji hushuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa na mzunguko wa ulinzi ukakata. Katika Windows, amri powercfg /batteryreport, ikiandikwa katika dirisha la amri, hutayarisha taarifa yenye tarakimu mbili za kulinganishwa: uwezo ambao betri ilitengenezewa na uwezo ilio nao sasa inapojazwa. Ikiwa ya kwanza ni 48,000 na ya pili ni 19,000, betri imebakiwa na takriban asilimia 40. Betri iliyovimba, ikainua kibao cha herufi au kufanya kifuniko kisifungike, isitumike tena, isitobolewe wala kukandamizwa. Mara moja ipelekwe kwa fundi.

Kikizima kwenye chaja, kwanza yatikiswe kwa upole maungio ya waya, moja baada ya jingine: kwenye soketi ya ukutani, kwenye kisanduku cha chaja, na kwenye tundu la chombo. Kisha ijaribiwe chaja nyingine yenye volteji ile ile na wati zisizopungua zile zilizoandikwa kwenye chaja ya awali. Chaja ya wati 45 kwenye chombo kinachohitaji 65 yaweza kukiwasha vizuri, kisha ikashindwa kazi inapozidi.

Pana pia hali ya tatu inayotuhadaa. Betri iliyokufa kabisa hugeuza kipakatalishi kuwa mtumwa wa soketi: umeme wa jengo ukipepesa kwa nukta moja, chombo huzimika. Chanzo basi chaweza kuwa mbali mno na meza ya msomi. Mnamo tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Mwenye betri nzima siku hiyo alipata muda wa kuhifadhi kazi yake. Mwenye betri mfu hakupata hata nukta.

Kazi Iliyomo Ndani

Chombo kilichozima mara moja bila sababu inayojulikana yafaa kihesabiwe kuwa kitazima tena. Kwa hivyo jambo la kwanza, kabla ya jaribio lolote kati ya haya, ni kunakili kazi yote kwenye diski ya nje na kuitenga. Majaribio ya joto na betri hukusudia kukizimisha chombo. Si halali kuyafanya juu ya nakala pekee ya tasnifu.

Kwa wanaorekodi sauti, izingatiwe kwamba programu nyingi hukamilisha kichwa cha faili ya WAV, pale panapoandikwa urefu wake, wakati wa kufunga faili. Chombo kikizima kabla ya hapo, faili yaweza kuonekana tupu ilhali sauti imo ndani. Isifutwe, wala pasirekodiwe chochote juu ya diski hiyo, mpaka mjuzi aitazame. Wanaonukuu kwa programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, wana chaguo la kuhifadhi nakala kila baada ya dakika kadhaa. Na uwandani, kinasasauti kinachojitegemea kitumike pamoja na kipakatalishi, ili kuzima kwa kimoja kusiue vyote.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kauli tatu za kitenzi kimoja zaweza kutuongoza katika maswali matatu. Lakini ni dhana za kupimwa, si hukumu: kwa mtazamaji, kujizima kwa joto na kuzimika kwa kukosa umeme hufanana kabisa, na ni majaribio tu yanayovitenganisha. Kwa hivyo msomi na aandike, kila chombo kinapozima, mambo matano: saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, chaja ilikuwapo au haikuwapo, kiwango cha betri, na muda kilichodumu kilipowashwa tena. Matukio manne au matano yaliyoandikwa hivyo yatamfaa fundi kuliko saa nzima ya malalamiko. Sisi ambao kazi yetu ni kukusanya data na kuisoma hatuna udhuru wa kufika dukani na neno moja tu.