Pumu Hutibiwa Siku Unapopumua Vizuri

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la kaskazi likishaikalia Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, wenye pumu hulalamika kwamba joto linawabana kifua. Wanasema kweli, ila joto ni sehemu tu ya kisa.

Mwenye pumu ana njia za hewa zilizovimba kwa ndani, hata siku ambayo hasikii chochote. Zikichokozwa, misuli inayozizunguka hukaza, makohozi huongezeka, na kifua huanza kutoa mlio wa filimbi. Hewa ya moto yenye unyevu yaweza kuzichokoza, lakini msimu huu una wachokozi wengi zaidi. Madirisha hulala wazi, vumbi la barabarani na moshi wa taka za jirani vikaingia. Feni isiyofutwa hutimua vumbi lake chumba kizima. Mbu wakizidi, dawa ya kuchoma huwashwa kando ya kitanda. Hata udi na ubani, pamoja na uzuri wake, ni moshi. Basi futa feni kwa kitambaa kibichi, jiko la mkaa likae nje, na kufukiza kungoje mgonjwa awe hayumo ndani.

Hayo yote husaidia, ila hayashushi uvimbe. Salbutamoli, inhela ambayo mara nyingi ni ya buluu, hulegeza misuli kwa dakika chache na kumpa mtu nafuu ya saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Inayoshughulikia uvimbe ni inhela yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, nayo hufanya kazi polepole, siku baada ya siku. Kwa kuwa nafuu yake haisikiki papo hapo, wengi huiacha wakabaki na ya buluu peke yake. Hapo ndipo hatari ilipo. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima wala kijana kutibiwa kwa salbutamoli pekee. Mwaka huohuo pumu iliua watu wapatao 455,000 duniani, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo.

Inhela nayo huumizwa na joto. Nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, kwa hiyo usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kwa mtoto, dawa ikipulizwa moja kwa moja mdomoni nyingi huishia kooni. Chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuibana inhela barabara, huifikisha dawa mapafuni. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1999 ulionyesha hivyo. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Akibanwa, mgonjwa akae wima, asilazwe, apewe salbutamoli. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikibonyea ndani au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali mara moja huku akiendelea kupuliziwa njiani.

Na wewe unayeishika ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, usingoje masika yaje kukupoza. Nenda kliniki wiki hii, umuulize daktari: dawa yangu ya kushusha uvimbe ni ipi?