Mbwa Mzuri Si Lazima Awe Mbwa Mzima

Machi 2012, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts nchini Uingereza, kulianza utaratibu mpya. Kennel Club, chama kinachosimamia mbwa wenye nasaba nchini humo, kilichagua aina 15 zilizokuwa zikisumbuliwa na maradhi ya kimaumbile. Mbwa aliyeibuka bora katika aina hizo hakuruhusiwa kuendelea na mashindano mpaka akaguliwe na daktari wa mifugo asiyehusika na uamuzi. Daktari hakutumia maabara. Aliangalia macho, alisikiliza pumzi, alipapasa ngozi, akamtazama mbwa akitembea. Washindi 6 walikwama hapo, akiwemo wa aina ya bulldog na wa pekingese. Dakika chache za kuangaliwa vizuri zilitosha kuonyesha kwamba mbwa aliyepewa sifa ya uzuri alikuwa anaumwa.

Shinikizo la utaratibu huo lilitokana na filamu ya uchunguzi iliyorushwa na BBC mwaka 2008. Filamu ilionyesha jinsi wafugaji walivyochagua umbo kizazi baada ya kizazi, mara nyingi kwa kupandisha mbwa wa ukoo mmoja. Pua ilifupishwa mpaka mbwa akahema kwa shida. Ngozi ilikunjamana mpaka ikaoza ndani ya mikunjo, na kope zikalegea mpaka jicho likabaki wazi kwa vumbi.

Afrika nayo imo katika habari hiyo. Basenji ni mbwa wa misitu ya Kongo, mwembamba, mwenye mkia uliojikunja, asiyebweka kama mbwa wengine. Mwaka 1937 alionyeshwa Crufts na watu wakampenda sana. Lakini basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno, na ugonjwa wa kurithi wa figo uitwao Fanconi ukaenea kati yao. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walikwenda Zaire, yaani Kongo ya leo, kutafuta damu mpya vijijini. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kilikubali kuwaandikisha mbwa hao katika daftari lake la nasaba. Mbwa wa kijijini, ambaye hakuwahi kuwa na cheti, ndiye aliyeitwa kuokoa ukoo wenye vyeti.

Nayasema haya kwa ajili ya wasomaji wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Huku hatuna mashindano ya urembo wa mbwa. Tuna mbwa wa kienyeji wanaolinda nyumba usiku, na wanaofukuza nyani na nguruwe pori mashambani. Wengi hawana pua iliyobanwa wala kope zilizolegea, kwa sababu hakuna aliyewachagua kwa sura. Mzigo wao ni mwingine: kupe, minyoo, njaa, majeraha na kichaa cha mbwa. Na mara nyingi siku pekee wanayokutana na daktari ni siku ya chanjo, wakivutwa kwa kamba na watoto hadi ofisi ya kijiji. Siku hiyo mbwa achanjwe, na pia akaguliwe.

Ukaguzi huanza kabla mbwa hajaguswa. Mtazame anavyokuja. Je, anakanyaga miguu yote minne? Anamfahamu aliyemshika? Akifika, mwenyewe ndiye amshike, na mbwa mkali afungwe mdomo kwa kitambaa. Mkono wa daktari upite ubavuni. Mbavu zipapasike bila kubonyeza sana, lakini zisihesabike kwa macho ukiwa mbali. Masikioni na kati ya vidole ndiko kupe hujificha, na nyayoni huweza kuonekana funza. Manyoya yaliyonyonyoka kwenye viwiko na kingo za masikio, pamoja na kujikuna kusikoisha, ni dalili za upele.

Kisha utazamwe ufizi. Kwa mbwa mtulivu, inua mdomo wa juu kidogo, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pageuke peupe, halafu achia. Kwa mbwa mzima wekundu hurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe kama karatasi maana yake damu imepungua, na mara nyingi chanzo huwa ni minyoo ya safura au homa inayoletwa na kupe. Minyoo hiyo haimhusu mbwa peke yake. Mayai hutoka na kinyesi, viluwiluwi huishi kwenye mchanga wenye unyevu, na mtoto anayetembea pekupeku huweza kuingiwa navyo, vikamchora mistari inayowasha chini ya ngozi.

Macho nayo yana habari zake. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, macho mekundu huenda yamewashwa na salfa tu. Lakini jicho lililoingia ukungu wa samawati, kwa mbwa anayekonda na mwenye homa, hasa anayeingia maporini kwenye mbung'o, limfanye daktari afikirie nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwisho, sehemu za siri. Mbwa anayedondosha damu huko, dume au jike, huenda ana uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana. Wengi hudhani ni jike aliye kwenye joto, au jeraha la kawaida. Uvimbe huu mara nyingi hupona kwa sindano za dawa ya vinkristini zinazochomwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Ukiachwa, mbwa mmoja huambukiza wengi.

Lakini kuna ugonjwa ambao jicho la daktari haliwezi kuuona mapema, nao ndio unaoua watu. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa mwilini kwa wiki au miezi bila dalili. Siku chache kabla mbwa hajaonekana kuumwa, mate yake tayari yanaweza kuambukiza. Dalili zikianza, si kila mbwa huwa mkali. Wengine hupooza, taya hulegea, mate yakawatoka na wakashindwa kumeza. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie mbwa mahali pake, umwite ofisa mifugo.

Kwa hiyo kwa kichaa cha mbwa, kadi ya chanjo ina uzito kuliko mng'ao wa manyoya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa yao. Mtu akishaonyesha dalili, kupona ni nadra mno. Ila ugonjwa unazuilika: mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, virusi hukosa njia ya kupita.

Kusini kwetu jambo hili limejaribiwa. Kuanzia 2010, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Tanzania, kwa fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates, waliendesha chanjo kubwa ya mbwa katika wilaya 28, zikiwemo za Mtwara na Lindi. Kulikuwa na swali kama kuchanja mbwa peke yao kungetosha, kwani katika mikoa hii miwili sehemu kubwa ya wanyama waliopata kichaa walikuwa bweha. Watafiti walipofuatilia kwa miaka kadhaa, waliona kwamba kuchanja mbwa kulipunguza ugonjwa kwa mbwa na kwa bweha pia. Aliyemlinda mbwa wake alimlinda na jirani anayelala shambani wakati wa korosho.

Tatizo ni kwamba kazi hii haiishi. Mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi, na kila mwaka huzaliwa wengine wasio na kinga. Kijiji kilichofika asilimia 70 mwaka huu kitashuka chini ya hapo kama chanjo hairudi mwakani. Ndiyo maana watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani. Wengi huwaacha wakidhani ni wadogo mno, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mbwa wa umri wowote wachanjwe kwenye kampeni, hata walio chini ya miezi 3. Umbali nao si kisingizio kama zamani: utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana hubaki na nguvu kwa miezi 6 katika nyuzi joto 25, na miezi 3 katika nyuzi 30. Kijiji kisicho na jokofu kinaweza kufikiwa.

Ukiumwa na mbwa, hata aliyenona na anayekufahamu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Najua maana ya agizo hili kwa watu wa Newala, ambako ndoo ya maji huthaminiwa. Hayo ndiyo maji ya kutumia bila kuyapimia. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa aangaliwe kwa siku 10, lakini chanjo ya mtu isisubiri siku hizo ziishe.

Kwa maofisa mifugo wa halmashauri, ombi langu ni hili: mbwa akishachomwa sindano, asiondoke kabla hajatazamwa ufizi, ngozi, macho na sehemu za siri. Dakika 2 zinatosha, na matokeo yaandikwe nyuma ya kadi ili atakayemwona mwakani ajue alikotoka. Kwako mwenye mbwa, itunze kadi hiyo pamoja na karatasi zako muhimu. Mtoto wa jirani akiumwa kesho, daktari ataitaka kabla hajauliza mbwa wako ni wa aina gani.