Je, Wajua? Kutoka Kabanga hadi Mawe ya Tanganyika kwa Pikipiki

Funga kofia ngumu, kaza koti. Tunaondoka Kabanga, tunaiacha nyuma hospitali ya misheni na chuo cha ualimu, tunateremka milima ya Kasulu hadi mawe ya ziwa pale Kigoma. Vumbi jekundu utalioga. Njiani nitakusimulia.

Mvua ya Kabanga huenda Atlantiki
Ukiwa kilimani Kabanga, Bahari ya Hindi iko karibu mno kuliko Atlantiki. Kwa mstari ulionyooka ni kama nusu ya umbali. Lakini maji ya vilima hivi hayaijui Dar es Salaam! Hushuka na mito kama Luiche na Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika, hutokea Kongo kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, kisha mto Kongo wenyewe hadi baharini magharibi. Sehemu kubwa hunywewa na jua ziwani kabla ya kufika, sikufichi, ila tone lenye bahati husafiri kuliko sisi sote.

Pikipiki nayo huhema
Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 injini ya kabureta hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, maana hewa ni nyepesi. Kwa hiyo ukimwona dereva anabembeleza gia mlimani na abiria wawili na gunia la maharage, usimlaumu yeye peke yake.

Kuna Honda moja kwa kila Mtanzania, na nyingine zikabaki
Honda Super Cub, kapikipiki kadogo kalikozaliwa Japani mwaka 1958, kalivuka idadi ya milioni 100 mwaka 2017. Hakuna chombo kingine cha moto kilichotengenezwa kwa wingi huo duniani. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, hivyo tungegawana kila mtu yake, vichanga wakiwemo. Na neno bodaboda? Lilianza na baiskeli za kuvusha watu mpakani kati ya Kenya na Uganda, watu wakikariri neno la Kiingereza la mpaka, "border", mara mbili.

Mto mkubwa kwa umri kuliko ziwa lake
Malagarasi ulikuwapo kabla ya Ziwa Tanganyika kuzaliwa. Wanasayansi wanaamini ulitiririka moja kwa moja kuelekea Kongo, kisha Bonde la Ufa likafunguka na kuukata. Ziwa lenyewe lina umri wa miaka milioni kadhaa, na bado mbele ya mto huu ni mdogo wake.

Mwendesha pikipiki aliyeitwa Tatu
Hii naipenda kuliko zote. Mwaka 1952 kijana wa Argentina na rafiki yake Alberto Granado walianza kuizunguka Amerika ya Kusini kwa pikipiki aina ya Norton, waliyoipa jina la "mwenye nguvu". Ikawafia Chile. Kijana huyo ndiye Che Guevara, na Aprili 1965 alikuwa hapa Kigoma, akavuka ziwa kwa boti kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Jina lake la siri lilikuwa la Kiswahili: Tatu. Wenzake wawili waliitwa Moja na Mbili, na mkubwa wao akawa wa tatu ili kuwachanganya maadui! Novemba alirudi Kigoma, vita vikiwa vimemshinda.

Pana si nyingi
Sasa breki, tumefika. Ziwa Victoria lina eneo mara mbili ya Tanganyika, lakini Tanganyika ina maji takribani mara saba zaidi. Siri ni kina: mita 1,470, na sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Urefu nao ni kilomita 673, kama safari ya basi ya Dar es Salaam hadi Arusha na ushee.

Samaki wa kushoto na samaki wa kulia
Chungulia kati ya mawe. Humo kuna samaki mdogo, *Perissodus microlepis*, anayekula magamba ya samaki wenzake wakiwa hai, na mdomo wake umepinda upande mmoja. Mwenye mdomo wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto, wa kushoto hushambulia wa kulia. Mjapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba pande hizi mbili hupokezana wingi: upande mmoja ukizidi, windo hujifunza kuuchunga ubavu ule, na wachache wa upande wa pili hunenepa. Nimewaza vibaka wa stendi.

Dagaa mhamiaji
Dagaa wa Kigoma ni ndugu wa samaki wa baharini, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mmoja wa aina zake alipelekwa Ziwa Kariba, ambako leo huitwa kapenta na kuliwa Zambia na Zimbabwe. Huku kwetu huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi mpevu ukiwaka taa hazivuti kitu, wavuvi hulala nyumbani. Uliza mwezi kabla ya kupakia magunia nyuma ya pikipiki, maana mlima wa kurudi Kabanga unatusubiri.