Nasaba ya Ndege Kuukuu

Wale wasimamao nje ya ua wa kiwanja cha ndege na darubini zao, wakiandika daftarini nambari ya usajili ya kila ndege ishukayo, kwa muda mrefu wamehesabiwa kuwa watu wa kupitisha wakati tu. Ilhali katika soko la ndege kuukuu za safari ndefu, ambako chuma hakina thamani bila nasaba yake, kumbukumbu zao wakati mwingine hutafutwa na madalali.

Mfano ulio wazi wa ndege hizo ni A340, ndege ya injini nne iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1991, zama ambazo kanuni za usalama ziliikataza ndege ya injini mbili isiende mbali mno na kiwanja ambacho ingeweza kukimbilia injini moja ikizimika. Kanuni hizo zikalegezwa kadiri injini zilivyozidi kuaminika, na aliyenunua ya injini nne akajikuta analipia mafuta na matengenezo ambayo jirani yake hayalipii. Aina ya A340-500 ilianza mwaka 2004 kwenda bila kutua kutoka Singapore hadi Newark, mwendo wa saa zipatazo 18. Mwaka 2008 viti vikapunguzwa vikawa 100, vyote vya daraja la juu, na hata hivyo mwaka 2013 safari ikakomeshwa, isirudi ila mwaka 2018 kwa ndege ya injini mbili. Utengenezaji wa A340 ulikuwa umekwisha tangu mwaka 2011, baada ya ndege 377 kukabidhiwa wanunuzi.

Nyingi huishia mahali pa hewa kavu, kama Teruel huko Hispania, au hupelekwa Tarbes nchini Ufaransa, ambako huchinjwa kama magari makuukuu yachinjwavyo kwetu. Mkuu mmoja wa shughuli hiyo hushikilia kuwa asilimia 85 hadi 90 ya uzito wa ndege huokolewa ikatumika tena, na hesabu hiyo hukaririwa kila penye hotuba.

Dalali mmoja wa spea, asiyetaka kutajwa, huisikia kwa uchungu, kwani uzito, asema, si thamani: bati la ubavuni huuzwa kwa mizani, na mali hasa imo katika injini, na ndani ya injini imo katika diski zizungukazo, ambazo kila moja imewekewa idadi ya safari isiyoruhusiwa kuipita. Diski yenye hati kamili tangu siku ilipotoka kiwandani ni mali. Ukikosekana waraka wa miezi michache, labda kwa kuwa mwenye ndege wa tatu alifilisika na makabati yake yakatawanyika, huwa chuma chakavu hata kama haina ufa. Yeye aliwahi kununua ndege yenye pengo la namna hiyo, akawaendea watazama ndege, wakampa picha zenye tarehe kuonyesha kuwa miezi ile yote ndege iliegeshwa, injini zimefunikwa; wakaguzi wakazikataa, kwa hoja kuwa picha ya mpita njia si hati, na hasara ikamwangukia yeye peke yake.

Wakaguzi wana haki kwa kiasi fulani, kwa kuwa picha huonyesha ndege, wala haionyeshi ni injini ipi iliyofungwa ndani yake. Lakini madai ya kwamba waraka rasmi ndio yakini yenyewe ni mazito kuyameza, madhali mwezi Desemba 2022 ndege nne za A340 ziliondoka Johannesburg kwa hati zilizotaja Uzbekistan, zikatua Iran, nchi iliyofungiwa kununua ndege kwa vikwazo.

Kuhusu bei, wenye soko hawasemi kwa sauti moja. Ndege mpya zinapochelewa kutoka viwandani, zile kuukuu hurudishwa kazini, na baadhi ya A340-600 zilizokuwa zimelazwa Teruel zimekwisha kuruka tena. Huenda jambo hilo likapandisha bei ya spea kwa muda. Injini za aina hiyo na za A340-500, hata hivyo, haziingii katika ndege nyingine yoyote ya abiria, na mwenye kuzihodhi hutegemea waliobaki wachache wanaoendelea kuzirusha. Dalali wetu hazinunui tena. Diski zake zingali ghalani, na picha zile amezihifadhi pamoja nazo.